Ndevu za Hatshepsut

Katika karakana ya wachongaji ya Turffontein, mjini Johannesburg, avunjaye kazi ya mwenzake huvunja patasi zake mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya wote. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa sheria hiyo.

Pacifique alipozikwa, mwaka 2017, kikao cha ukoo kiliamua hivi: mjane wake, Murielle, akikamilisha ubao wa kuchongwa wa Hatshepsut, malkia wa Misri ya kale, ulioagizwa na shule moja ya Kensington, karakana ni yake. Jumamosi ikifika bila ubao, itakuwa ya Elisée, mdogo wa marehemu.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Elisée aliingia na nyundo.

"Shemeji, malkia gani huyu mwenye ndevu?"

"Ni ndevu za kifalme. Mumewe alikufa, mrithi alikuwa mtoto, akatawala yeye. Mahekalu yake yanastaajabiwa hadi leo."

"Ndiyo maana umempenda! Nawe utaanza kufuga zako lini?"

Nyundo ilitua usoni pa malkia, pua ikaruka. Murielle alijitupa juu ya ubao. Pigo la pili likamwangukia mkono wa kulia, akasikia vidole vyake vikivunjika, akaanguka kando. Mzee Bakiri, aliyewafundisha wote wawili, alimkamata Elisée kiunoni. Kiwiko cha Elisée kilimpasua mzee mdomo, damu ikamtiririka hadi kifuani, asimwachie. Elisée alipiga hata uso wa malkia ukawa shimo.

"Haya!" alisema akihema. "Karakana ni yangu."

Kwa mkono wa kushoto Murielle aliugeuza ubao ule mnene. Upande wa pili malkia alikuwa mzima, ndevu zake na jina lake.

"Aliyemrithi alituma watu wamfute kwa patasi," alisema. "Minara yake mingine aliizungushia ukuta isionekane, na ukuta huohuo ukaihifadhi. Nilikujua, Elisée. Nilimchonga mara mbili."

Wachongaji wengine waliweka zana chini, wakasogea. Bakiri alikuwa ameziba mlango.

"Jiliwa lile pale, mwanangu. Zibane patasi zako, uzivunje."

"Mzee, patasi hizi baba alizitoa Bukavu!"

"Nilikuwepo alipokupa. Na sheria aliitunga yeye."

Angekataa, hakuna mchongaji Johannesburg ambaye angefanya kazi naye tena. Elisée alizibana patasi kwenye jiliwa, moja baada ya nyingine, akazipiga kwa nyundo ileile. Kipande cha chuma kilimchana shavu, damu hakuifuta. Ya mwisho ilipokatika, Bakiri alisogea akampisha mlangoni.