Nakala Nane

Kiti chake nilikikuta kimepandishwa hadi mwisho, kama cha kinyozi anayemsubiri mtoto. Mume wangu alikuwa mfupi na meza za ofisi hazikumfikiria. Mimi magoti yangu hutangulia mlangoni, mwili ukafuata baadaye. Nilipokaa, mapaja yakabanwa na uvungu wa meza. Kukishusha ilikuwa ni kuvuta kishikio kimoja tu. Sikukivuta.

Aliyenikalisha pale alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mwenye ofisi. Tunaandika programu za zahanati. Ile ya foleni, inayoita wagonjwa kwa namba, aliiandika mume wangu, na sasa ilitakiwa iongezewe foleni ya wajawazito kabla ya Ijumaa.

"Wewe ndiye unayeujua mwandiko wake," wifi alisema.

"Mwandiko wake hata yeye hakuujua."

Akacheka kidogo, akarudi chumbani kwake, upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Kabla ya kugusa mstari wowote nilifungua mipangilio ya kihariri, yaani lile dirisha tunaloandikia msimbo. Kama nilivyotarajia, sehemu ya kujisevu ilikuwa imezimwa. Yeye alisevu kwa mkono, akivipiga vile vitufe viwili kama anayepigilia msumari, mpaka wifi augonge ukuta mara tatu kumtuliza. "Mtu husevu akiridhika," alikuwa akiniambia. "Wewe Twiga unasevu ukiogopa."

Naogopa kweli. Umeme ulishawahi kunimezea kazi ya siku tatu, nikabaki nalia mbele ya kioo cheusi. Yeye alicheka hadi akakaa chini sakafuni, kisha akainuka akaniandikia nusu ya kazi ile upya. Kwa hiyo nikaiwasha: ijisevu kila dakika. Nikajiona mjanja.

Kufika saa tano programu ikaanza kuwaita wagonjwa wawili kwa namba moja. Nikatafuta nakala za zamani nilinganishe. Kihariri kile, kila faili inaposeviwa, huweka pembeni nakala yake kwenye folda iliyofichwa. Nikaifungua folda. Nakala mia moja kamili. Nikazipanga kwa tarehe.

Tisini na moja zilikuwa za asubuhi ile.

Nilirudi kwenye mipangilio na kuikuta kanuni yenyewe chini kabisa, mahali ambapo hakuna anayesoma: zisizidi mia, mpya ikiingia, ya zamani kuliko zote inaondoka. Dakika kwa dakika, kila nilipojihakikishia kuwa kazi yangu iko salama, nilikuwa nikimfuta yeye. Zake zilibaki tisa, za wiki ile ya mwisho kabla hajalazwa.

Nikafungua ya zamani kuliko zote. Faili tuliyompa mteja ilikuwa safi, haina neno la ziada. Lakini humu, juu ya mstari uleule wa kuhesabu namba ulionishinda, alikuwa ameandika: *Twiga, usiguse hapa. Najua utagusa. Ukishagusa, niite.*

Niliifunga upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mwenyewe ndani. Nilipojikaza nikataka kuifungua tena, haikuwepo. Kwenye dirisha jingine nilikuwa nimeacha mstari nusunusu, nao ulikuwa umejisevu.

Nikainua mikono yote miwili juu, kama niliyekamatwa.

"Wifi," niliita. "Njoo. Usikanyage waya wowote."

Akaja, kalamu sikioni. Nikamweleza.

"Si uzihamishe? Flashi hiyo hapo."

"Naogopa kugusa."

"Miaka kumi na miwili kwenye mashine hizi, leo unaiogopa folda." Akaninyang'anya kipanya, akazima kujisevu, akazinakili zile nane kwenye flashi. Kisha, bila kuniangalia, akazinakili tena kwenye flashi yake mwenyewe.

Tukazisoma, mimi nikiwa nimekaa, yeye nyuma yangu. *Bosi akiuliza, hii iliisha jana.* Nyingine: *Mstari huu unafanya kazi, sijui kwa nini. Tuuheshimu.* Wifi akatoa pumzi puani. Mbili za mwisho hazikuwa na maneno yake yoyote.

"Mimi ndiye niliyemwambia afute," alisema. "Mteja alilalamika. Nikamwambia, hebu toa upuuzi wako humo."

"Ulikuwa upuuzi kweli."

"Ulikuwa." Macho yake yakashuka kwenye magoti yangu. "Kiti hukukishusha."

"Bado."

Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nilikaa nikiziwaza zile tisini na mbili. Huenda nyingi zilikuwa za kusahihisha nukta tu. Alikuwa mtu wa kusevu kila akiridhika, na aliridhika upesi, kwa chai, kwa upepo wa dirishani, kwa mstari uliokubali. Mara tisini na mbili aliridhika mezani hapa, nami sitajua kwa lipi.

Zile nane zilinionyesha kosa. Alikuwa akipunguza moja kabla ya kuhesabu. Asubuhi mimi nilidhani amekosea, nikaifuta hesabu hiyo. Sasa nikairudisha. Saa tisa alasiri wagonjwa wote walikuwa wanaitwa mmoja mmoja, wajawazito na foleni yao.

Kujisevu nilikuwa sijakuwasha tena. Mshale ulikuwa unapepesa mwanzoni mwa mstari. Juu yake nikaandika: *Nimegusa. Nakuita.*

Nikasoma mara moja. Kisha nikavipiga vitufe vile viwili kwa nguvu zangu zote, meza ikatikisika, kikombe kikalia.

Chumba cha pili, sauti ya kuchapa ikakatika.

Halafu ukuta ukagongwa, mara tatu.