Habari ya Mahali

Baba yangu, mzee Protasi, alikuwa na miche minne ya bangi nyuma ya choo, na kijiji kizima kilikuwa kinaisifu mihogo yake.

Zamani, kabla ya Operesheni Vijiji, kila mtu wa Murukulazo alikaa ndani ya migomba yake na hakuna aliyejua jirani analima nini. Serikali ilipotuhamishia kwenye nyumba za mstari, baba alilalamikia kila kitu isipokuwa kile kilichomuuma hasa. Kisha akapata akili. Jani la muhogo na jani la bangi, ukiyatazama kwa mbali, ni ndugu wa tumbo moja. Basi akapanda mihogo pande zote, na ile miche akaificha katikati. Sisi nyumbani alituambia ni dawa ya kuku. Kuku wetu hawakuwahi kuugua. Baba ndiye aliyekwenda nyuma ya choo kila jioni na kurudi amefurahi, na mama yangu Eustakia akatazama pembeni.

Mimi, Ildefonsa, nilikuwa na siri yangu pia. Vita vilikuwa vimekwisha, Privatus aliyekwenda na mgambo wa kijiji alikuwa amerudi mzima, na tulikubaliana kuoana. Kilichonikosesha raha ni baba. Alishaapa mbele ya watu kwamba binti yake hatoki kwa chini ya ng'ombe sita, na mchumba wa kwanza aliyetaja watatu alifukuzwa kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia. Kwao Privatus hata hao watatu waliwapata kwa kujikamua, maana dume lao kubwa walishalichangia jeshi. Nilimwambia asubiri tuvune maharage, nitafute namna ya kumlainisha mzee. Namna yenyewe sikuwa nayo.

Jumapili moja baada ya misa, mwenyekiti wa kijiji, Gozbert, akamvuta baba kando. Gozbert alikuwa baba mdogo wa Privatus. Tangu achaguliwe hakusema tena Kihangaza hadharani. Hata mbuzi wake aliwafukuza kwa Kiswahili.

"Shikamoo, mzee Protasi."

"Marahaba, Mwenyekiti."

"Jumamosi nitakuja kwako na watu wangu. Kuna ile habari ya mahali. Nadhani unaelewa, tusiizungumze hapa mbele ya kanisa."

Baba akasema anaelewa. Alirudi nyumbani polepole, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni.

"Wamejua," akamwambia mama. "Mwenyekiti ametaja kwa kinywa chake: mahali. Wamejua mahali penyewe."

Niliposikia, nikamfikiria Privatus. Mwenyekiti gani angekubali mtoto wa kaka yake aoe kwa mfungwa? Nilimkasirikia baba, nikawakasirikia na hao kuku wake wasiougua. Nililia jikoni nikausingizia moshi.

Kesho yake asubuhi baba aliing'oa miche yote, akaijaza kwenye kikapu na kuifunika kwa majani ya muhogo. Kabla hajafika kwenye shimo la mbolea, jirani yetu Secilia akamdaka uani.

"Shikamoo, mzee. Kisamvu chote hicho unatupa? Nipunguzie cha mboga."

"Kina uchungu!" baba akafoka.

"Nitakichemsha mara mbili."

"Hata ukichemsha mara kumi!"

Secilia akaenda zake akisema mzee Protasi siku hizi ana roho mbaya. Baba alifukia, akashindilia udongo kwa jembe mpaka mama akamwambia inatosha.

Jumamosi wakaja. Mbele Gozbert, nyuma yake mzee mmoja wa ukoo wao, na nyuma kabisa Privatus. Mpenzi wangu hakuwa na nguo nzuri kuliko zile za mgambo, basi ndizo alizovaa, zimepigwa pasi, na viatu vya jeshi miguuni. Nilidhani wamemleta yeye ndiye amkamate baba. Nilimchukia papo hapo.

Baba aliona viatu tu. Wageni hawajakaa vizuri, Gozbert akakohoa. "Mzee, kama nilivyokuambia, tumekuja kwa ajili ya mahali."

"Mahali ni nyuma ya choo," baba akasema, akapiga magoti. "Lakini nimeshang'oa, Mwenyekiti. Bangi yote. Ilikuwa dawa ya kuku tu. Nihurumie, nina binti wa kuoza."

Gozbert alimtazama mzee wake, Privatus akanitazama mimi. Ndipo shangazi yao Koleta akaingia, anahema, mtungi wa pombe ya ndizi kichwani, akigomba kwamba wanaume wametembea kama wanaofukuzwa na kumwachia mzigo peke yake.

Hakuna anayekuja kukamata mtu na mtungi wa pombe. Hapo nikaelewa. Kwetu l na r tunazitumia kama jembe na mundu, unashika kilicho karibu. Mwenyekiti alikuja kwa ajili ya mahari. Mahari yangu! Nilicheka huku machozi yakinitoka, na mama akaketi sakafuni akimshukuru Bikira Maria kwa sauti.

Gozbert alichukua muda kidogo, kisha naye akaelewa.

"Simama, mzee. Ya nyuma ya choo sikuyasikia, masikio yangu yameziba tangu asubuhi. Mimi nilikuja kuzungumza ng'ombe. Sisi tunao watatu."

Baba, mtu wa ng'ombe sita, akajipangusa magoti.

"Watatu ni wengi," alisema. "Wawili wanatosha."

Pombe ikanywewa. Nilipopita na kata nikamsikia Gozbert akimwinamia baba, na safari hii kwa Kihangaza.

"Kweli uling'oa yote?"

"Yote, Mwenyekiti."

"Hata mche mmoja haukubaki?"

"Hata mmoja."

Gozbert akashusha pumzi ndefu. "Basi. Maana kuku wangu wanaumwa."

Nilimfikia Privatus, nikamkaripia kwa sauti ya chini kwamba hakuniambia wanakuja.

"Baba mdogo alisema ameshamwambia mzee," akajibu.

Ni kweli alimwambia. Nashukuru tu kwamba hakujua kutamka.