Rekodi ya Arobaini na Moja

Orodha ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa matangazo wa idara, na kufika saa nne wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wameizonga kama nyuki. Ilikuwa orodha ya wale watakaofanya mtihani wa mazungumzo wawili wawili, sehemu ya mwisho ya mtihani mkubwa wa umahiri wa Kiingereza. Mtihani huo usipoufaulu, hata uwe umeng'ara miaka yote minne, shahada ya lugha utaisikia kwa wenzako. Sehemu nyingine kila mtu hupambana peke yake: kusikiliza, imla, kusahihisha makosa, tafsiri, insha. Mazungumzo tu ndiyo yanayotaka watu wawili, mmoja aulize na mwingine ajibu, kisha wabadilishane, mbele ya watahini watatu wasiojua kutabasamu.

Kasuku alingoja watu wapungue. Hilo si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na rafiki yake mwaka wa kwanza, kwa kuwa sentensi ya Kiingereza akiisikia mara moja aliirudisha kama ilivyo, na lafudhi yake yote. Alipoupata mstari wake alisoma mara mbili. Walikuwa wamempanga na rafiki huyo huyo, na rafiki alikuwa na wiki tatu kaburini.

Alikwenda moja kwa moja kwa karani wa idara.

"Orodha ilitumwa kwa baraza la mitihani mapema, kabla ya msiba," karani alisema, akivua miwani. "Nitawaandikia wabadilishe."

"Na wasipobadilisha?"

"Watabadilisha. Pole, mdogo wangu. Wewe soma."

Kusoma ndiko kulikokuwa kumemshinda. Tangu mwaka wa tatu hakuwahi kusoma peke yake. Yeye na huyo rafiki, ambaye darasa zima lilimwita Nukta kwa sababu alisema machache na kila alichosema alikikata kama kwa kisu, walikaa chumba kimoja cha hosteli, vitanda viwili, dirisha moja, meza yenye mguu uliofungwa kamba. Kila wiki, siku moja baada ya vipindi, waliweka simu ya Kasuku katikati ya meza na kujirekodi. Nukta aliuliza, Kasuku akajibu. Wiki iliyofuata wakapokezana. Baadaye walijisikiliza na kujikosoa bila huruma. Sheria ilikuwa moja: simu ikishawashwa, lugha ya nyumbani inabaki mlangoni pamoja na viatu. Atakayeteleza, vyombo vya siku hiyo ni vyake. Kasuku aliosha vyombo mpaka mikono ikachakaa. Nukta alisahau kabisa jinsi vinavyooshwa.

Walikuwa na rekodi arobaini na moja siku Nukta alipoanguka kwenye ngazi za maktaba. Alifikishwa hospitali akiwa hai na asubuhi ya pili akafa. Daktari aliwaambia ndugu kwamba moyo ulikuwa na kasoro tangu utotoni, mlango wake mmoja haukuwa ukifunga sawasawa. Kama angefika wiki moja kabla, alisema, huenda. Neno hilo "huenda" lilizunguka mazishini mdomo kwa mdomo, na kila lilipomfikia Kasuku alijifanya anatafuta kitambaa.

Sasa zilibaki wiki tano. Aliogopa kutafuta mtu mwingine wa kufanya naye mazoezi, kwa hiyo alifanya jambo lililoonekana jepesi. Alifungua rekodi ya kwanza, akaweka simu katikati ya meza, akakaa kwenye kiti chake. Sauti ya Nukta ikauliza swali kuhusu faida na hasara za kuishi mjini. Kasuku akaizima kabla ya jibu lake la zamani, akajibu upya, akaiwasha tena kwa swali linalofuata. Ilikwenda vizuri. Siku ile alifanya rekodi mbili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alikula akashiba.

Siku ya sita ndipo mambo yalipoanza kwenda upande. Alikuwa akijibu swali kuhusu malezi, akamaliza, akanyoosha kidole kuigusa simu. Kabla hajaigusa alisikia ile pumzi fupi ambayo Nukta alizoea kuivuta kabla ya kuuliza. Simu ilikuwa imezimwa. Aligeuka kutazama kitanda cha pili. Godoro lilikuwa tupu, limekunjwa, na mfuko wa nguo za mwenyewe ulikuwa juu yake, bado haujachukuliwa.

Alijiambia ni masikio. Lakini pumzi ile ilimfuata. Aliisikia kwenye foleni ya chakula, nyuma ya bega, akampisha mtu ambaye hakuwepo. Aliisikia akipiga mswaki. Haikumtisha kama vile mizimu inavyotakiwa kutisha. Ilimfanya angoje swali, na swali halikuja.

Alhamisi ya wiki ya pili walikuwa na jaribio la imla katika maabara ya lugha. Maabara hiyo ilikuwa na vibanda ishirini na nne, kila kimoja na hedifoni, na mbele alikaa fundi, mzee mpole aliyetunza mitambo kuliko wengine wanavyotunza watoto. Mhadhiri wa matamshi aligawa karatasi. Kifungu kilihusu historia ya ramani. Kilisomwa mara nne: mara ya kwanza usikilize, ya pili na ya tatu uandike, ya nne uhakiki. Kasuku aliandika bila kukwama, hata akaona raha kidogo. Alikabidhi karatasi akatoka.

Hajafika mbali mhadhiri alimwita arudi.

"Nisomee mstari wa saba."

Kasuku aliushika ukurasa. Mstari wa saba ulianza kwa Kiingereza safi, mabaharia wa zamani na makosa yao ya kupima, kisha katikati, kwa mwandiko wake mwenyewe uliotulia, kulikuwa na maneno mawili ya lugha ya nyumbani: kifua kinanibana. Halafu Kiingereza kiliendelea, mpaka nukta ya mwisho.

"Hii imetoka wapi?" mhadhiri aliuliza.

"Nimeisikia, mwalimu."

Alijibu hivyo kabla hajafikiri. Mhadhiri alimtazama, akamtazama fundi. Fundi alirudisha kifungu nyuma, akampa Kasuku hedifoni ya mezani kwake. Mabaharia walipita na makosa yao. Hapakuwa na maneno mengine.

"Unalala vizuri?" fundi aliuliza.

"Nalala."

"Binti yangu alipofiwa na mumewe alikuwa akipika sahani mbili," mzee alisema, akiizungusha waya ya hedifoni kwenye kiganja. "Hatukumwambia kitu. Lakini wewe una mtihani. Kama kuna neno limekukaa kooni, lizungumze na mtu."

Kasuku alirudi hosteli mchana ule, jua likiwa wazi dirishani, akafunga mlango. Alijua alichokisikia kilikotoka. Alikuwa amesikiliza rekodi zote isipokuwa moja, ya arobaini na moja, na kila siku alikuwa na sababu ya kuiruka. Wanasema majuto ni mjukuu. Ya kwake yalikuwa yamezaliwa tayari, tena na meno, na alikuwa akiyalisha kila siku kwa kuyanyamazia.

Aliiwasha.

Dakika ya kumi na moja Nukta aliacha swali katikati. Kiti kililia. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya mazoezi, akasema kwa lugha ya nyumbani, "Kifua kinanibana."

Na Kasuku wa kwenye simu akacheka, cheko la mtu aliyeshinda baada ya miezi mingi, akamwambia kwa Kiingereza aseme hilo kwa Kiingereza, na vyombo vya leo ni vyake.

Nukta akajaribu. Alitafsiri neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza, yeye aliyekuwa bora darasani. Kasuku akamkosoa: Kiingereza hakisemi hivyo, kifua hakimbani mtu, rudia. Nukta akarudia, sasa sawasawa, na sauti ilipanda na kushuka pale inapotakiwa. Kasuku akasema vizuri sana. Wakaendelea na swali linalofuata.

Siku nne baadaye ndipo alipoanguka kwenye ngazi.

Kasuku aliizima simu akakaa sakafuni, mgongo ukiwa umeegemea kitanda kitupu. Kidole chake kilikuwa juu ya alama ya kufuta. Hakuna aliyejua kwamba rekodi hiyo ipo. Akagusa mara moja, simu ikamuuliza kama ana hakika, naye hakuijibu mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Jumamosi yake, saa nane mchana, alikuja mama yake Nukta kuchukua mizigo. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwembamba, pini bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni kana kwamba amenyanyuka kutoka kwenye cherehani akaja vile vile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umekonda."

Walikunja nguo pamoja. Mama alizinusa moja moja bila kuficha. Walipomaliza alikaa kwenye godoro tupu, mikono mapajani.

"Msibani nilisikia wenzenu wakisema mlikuwa mnajirekodi. Sauti yake unayo?"

"Ninayo, mama. Lakini ni Kiingereza kitupu."

"Sitaki kuelewa. Nataka kusikia."

Kasuku alimwekea ya kwanza, ya pili, ya tisa. Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya nchi ya mbali. Kila baada ya muda aliuliza hapo anasema nini, na Kasuku alitafsiri: hapo anauliza kama mitihani inapima akili, hapo anasema samaki wa kufugwa hawana ladha. Mama alicheka kidogo. "Samaki na yeye wapi na wapi." Kisha akaacha kucheka.

"Ya mwisho ni ipi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umepangwa vizuri. Kasuku aliumeza.

"Ipo, mama. Ndani yake kuna jambo. Nilimkosea."

"Weka."

Aliweka. Dakika ya kumi na moja ilipofika hapakuwa na haja ya mkalimani. Mama alinyanyua kichwa. Alisikiliza cheko, akasikiliza maneno ya Kiingereza yaliyofuata, akasikiliza mwanawe akisema na kurudia.

"Wewe ulimwambia nini?"

Kasuku alitafsiri maneno yake mwenyewe, moja moja, hakupunguza. Alitafsiri hata cheko. Alisema, hapo nilikuwa nafurahi kwamba ameshindwa. Katika miaka minne ya masomo hakuwahi kufanya tafsiri ngumu kuliko hiyo.

Nje mtu alikuwa akianika nguo, vibanio vikigonga waya.

"Rudisha pale."

Akarudisha. Kifua kinanibana.

"Tena."

Mara ya tatu mama alifumba macho. "Huyo ndiye mwanangu," alisema. "Huyo mwingine uliyenisikilizisha muda wote huu, anayeuliza habari za samaki, simjui. Nilikuwa najiuliza nimekosea chumba."

"Nisamehe, mama."

"Subiri kwanza. Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Ungekuwa wangu ningekuchapa." Alitoa pini moja kwenye ukosi, akaitazama, akairudisha. "Jumapili ya mwisho kabla hajaanguka alinipigia. Aliniambia nachoka, mama. Nikamwambia hata mimi nachoka, soma. Mimi wala sikuwa na Kiingereza cha kunizuia kusikia."

Kisha alimtaka Kasuku amhamishie kipande kile kwenye simu yake, na alipoona kimefika akaifunga simu ndani ya kanga, akasimama. Kasuku alibeba sanduku mpaka getini. Hawakukumbatiana. Mama alipanda basi akaketi kiti kisicho cha dirishani.

Baada ya siku hiyo pumzi ilikoma. Kwenye imla Kasuku alisikia kilichosomwa tu, na kwenye foleni hakumpisha mtu. Alidhani atashukuru, kumbe kimya kile kilimwelemea kuliko sauti. Alisoma kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kujaza masaa.

Siku ya mtihani wa mazungumzo karani alikuwa ameandika barua mbili na hazikujibiwa. Mlango ulifunguliwa, mtahini akasoma majina mawili. Kasuku akaingia peke yake.

"Mwenzako?" mtahini aliuliza kwa Kiingereza.

"Amefariki," Kasuku alijibu, kwa Kiingereza pia, akashangaa jinsi neno lilivyotoka bila kosa.

Watahini walinong'onezana. Mmoja wao, mwanamke wa makamo mwenye mafua, alizunguka meza akakaa kiti cha pili, akauliza maswali mahali pa Nukta. Aliuliza vizuri, ila aliuliza bila kuvuta pumzi kwanza, na kila swali lilimkuta Kasuku hajajiandaa. Alijibu hivyo hivyo. Mahali pamoja alikwama kabisa, akakaa kimya kiasi cha watu kuhesabu kumi, na yule mwanamke akamngoja bila kumharakisha.

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili. Alifaulu, kwa alama zisizo za kutangaza. Jioni ile simu iliita, namba ya mshonaji.

"Nimesikia yametoka," mama alisema. "Umepata?"

"Nimepata, mama. Si sana."

"Na yeye angepata?"

"Angenipita mbali."

Upande wa pili cherehani ililia kidogo ikanyamaza. "Nilikuwa najua, ila nilitaka mtu mwingine aseme," mama alisema. "Njoo Jumamosi. Zile za Kiingereza nazo uje nazo, unieleze moja moja anasema nini. Nimeanza kuona kwamba na huyo wa samaki ni wangu."

Jumamosi Kasuku alikwenda. Walianza na ya kwanza, ile ya faida na hasara za kuishi mjini, na kufika magharibi walikuwa wamefika ya nne tu, maana mama alikuwa akisimamisha kila sentensi.