Machozi ya Onyesho la Wanawake

Kazim, mwenye duka la vitambaa mtaa wa Mlandege mjini, alimtoa skuli bintiye Tahera siku ile ile alipoambiwa kaonekana pamoja na Machano, kijana wa kijiji cha Uroa aliyekuwa akisoma mjini. Kaka zake Tahera walimpiga Machano pale pale mlangoni pa nyumba yao mpaka akatokwa na damu puani. Akarudi kwao shamba. Tahera, mwenye miaka kumi na sita, akawekwa ndani, akaposwa na mtoto wa ami yake aliyeko Mombasa.

Jumapili moja mama yake akamwonea imani, akampeleka sinema, onyesho la mchana la wanawake peke yao. Picha ilikuwa ya vita vya Ulaya. Msichana na mvulana wamefichwa darini pamoja na wazee wao, hawathubutu kukohoa wala kufungua dirisha, maana askari wakiwasikia ndio mwisho wao. Humo humo darini wakapendana. Mvulana alipomshika msichana mkono, ukumbi mzima ulinyamaza. Tahera akasikia kwikwi ubavuni pake. Ni mama yake, kauma upindo wa buibui, analia.

"Maskini, watoto wa watu," mama akanong'ona. "Wamekosa nini?"

Tahera alingoja mpaka askari wa kwenye picha wakavunja mlango, taa zikawashwa, na wanawake wakaanza kufuta macho. Ndipo akauliza, kwa sauti iliyofika safu za nyuma:

"Mama, na Machano alikosa nini?"

"Nyamaza. Watu wanasikia."

"Nawasikie. Na yeye alinishika mkono tu. Huyu wa Ulaya unamlilia, Machano alipigwa mbele yako na hata neno hukusema."

"Hii ni sinema, Tahera."

"Kwa hivyo mpaka niwe wa sinema ndio unililie?"

Mama akamzaba kofi. Tahera hakulia.

"Mwambie Baba, Mombasa siendi. Akinipeleka kwa nguvu ntayasema haya haya mbele ya shekhe wa kufungisha ndoa."

Maneno hayo yakavuka bahari mpaka Mombasa. Ami yake akajibu kwamba mwanawe hataki mke mwenye mdomo, posa ikavunjika. Kazim akaacha kabisa kusema na bintiye.

Aliyemrudisha skuli ni mama yake, bila ya kumuuliza mumewe. Asubuhi moja alimpigia pasi sare, akaiweka kitandani, akatoka. Tahera akaivaa. Hakumshukuru.

Machano hakurudi mjini. Mwanamwema, msichana wa Uroa aliyesoma na Tahera, alimwambia kwamba siku hizi anavua na wajomba zake, na pua imepona kombo. Tangu hapo Tahera hakuweza tena kula sinia moja na kaka zake. Kila walipoupeleka mkono kwenye wali, aliitazama ile mikono, akanyanyuka.