Mluzi wa Murdo Rankin

Murdo Rankin aliuawa mara arobaini na mbili kwenye filamu, na karibu zote New York. Ila New York yenyewe ilikuwa Toronto iliyomwagiwa takataka na kutundikwa bendera za Marekani. Akikutwa dukani huulizwa, "Si wewe yule anayekufaga mapema?" Naye hucheka. Lakini jukwaani, loo, jukwaani hakuna aliyemuweza.

Sasa ana miaka sabini na sita na kumbukumbu inamtoroka. Jumamosi, akiigiza mchimba makaa ya mawe anayerudi nyumbani baada ya miaka ishirini, alibisha mlango, binti akauliza, "Nani?" Murdo akakwama. Mwongozaji, kijana wa adabu, alimwambia, "Mzee, Jumatano ikitokea tena, nafasi nampa mwingine." Na leo ndiyo Jumatano, onyesho la mchana.

"Simama wima nikufunge vifungo," alisema Odile Trottier chumbani mwa mavazi, aliyemvisha nguo za jukwaani kwa miaka thelathini na moja.

"Odile, unaikumbuka ziara ya Saskatchewan? Theluji hadi madirishani, na bado watu wakaja na watoto wao."

"Naikumbuka suruali uliyoipasua. Geuka."

"Nilikuwa mwembamba siku zile."

"Lini? Usinichekeshe na pini mdomoni."

Murdo akaanza kupiga mluzi, wimbo aliousikia kwa mama yake akimenya viazi kule Cape Breton. Odile akaruka. "Murdo! Nje!"

Mluzi kwenye ukumbi wa maigizo ni nuksi. Zamani waliovuta kamba za mapazia walikuwa mabaharia, wakiitana kwa mluzi. Ukiupiga ovyo, walidhani ni ishara, na gogo la pazia linakushukia utosini. Aliyekosea hutoka chumbani, huzunguka mara tatu papo hapo, hubisha na kuomba kufunguliwa. Odile alishamtoa hata waziri, na tai yake.

Murdo akatoka, akazunguka huku akihema, akabisha.

"Nani?"

"Mtu asiyestahili kuingia, mwanangu. Nifungulie hivyo hivyo."

Ndiyo maneno yaliyomtoroka Jumamosi! Odile alifungua macho yamemlowa. "Yamo," alisema Murdo, akijigonga kichwa. "Yamo humu, bibi wee."

Saa nane na nusu alibisha tena, jukwaani. Binti akauliza, "Nani?"

Kimya. Nyuma ya pazia Odile aliuona uso wa Murdo, kama wa mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Mwongozaji akainamisha kichwa. Basi Odile, mlinzi wa miiko, akakunja midomo akapiga mluzi, taratibu, ule wimbo wa viazi. Mvuta pazia akashika kichwa. Murdo akainua chake.

"Mtu asiyestahili kuingia, mwanangu."

Watu walilia. Mwongozaji alikuja mbio. "Mzee, kimya kile! Na mluzi ule kwa mbali! Viacheni hivyo hivyo."

"Wewe! Nje!" Murdo akamfukuza Odile kwa kicheko, na Odile na magoti yake mabovu akazunguka mara tatu nje ya mlango.

Maonyesho kumi na tisa yalikuwa yamebaki, na kila siku Odile alipiga mluzi, kila siku akazunguka, akabisha, Murdo akanguruma, "Nani?" wakacheka.

Siku ya mwisho, baada ya maua na makofi, Odile alibisha.

"Nani?" aliuliza Murdo, kwa sauti ndogo ya upole, sauti ya mtu anayetaka kweli kujua ni nani.

Odile aliegemeza paji la uso kwenye mlango.

"Ni mimi, Odile," alisema. "Nifungulie hivyo hivyo."