Bisibisi ya Mngoni

Kikundi cha wakulima wa kijiji cha Namahoka, juu ya uwanda wa Newala, kilipofikia uamuzi wa kununua pikapu, hakuna aliyeuliza nani aende Masasi kuichagua. Angeenda Mzee Yeremia. Alikuwa ameendesha malori ya chama cha ushirika miaka kumi na tisa, akipanda na kushuka mlima wa Newala na korosho za watu, na sifa yake kubwa ilikuwa masikio. Ilisemwa kwamba akiwa amekaa barazani na lori likapita barabarani, hutaja kinacholiuma kabla vumbi halijatulia. Ilisemwa pia, na hapo ndipo roho yake ilipokuwa, kwamba atakayelichagua gari ndiye atakayeliendesha.

Yeremia aliutaka usukani ule kuliko kitu chochote. Tangu biashara iachiwe huria na wanunuzi binafsi waanze kupanda uwandani na mizani zao wenyewe, chama kilidhoofika mpaka kikalala kabisa, na malori yake yakapandishwa juu ya mawe huko Masasi, majani yakaota hadi milangoni. Kwa miaka minne Yeremia alishika jembe. Hakuwa mkulima mbaya. Lakini mtu aliyezoea kuitazama nchi kutoka kwenye kiti cha lori, ukimpa ekari tatu za mihogo na mikorosho azizunguke kwa miguu, utakuwa umemfunga.

Tatizo lilikuwa moja, na hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Masikio yale yenye sifa yalikuwa yamekwisha. La kushoto lilikuwa limekufa kabisa. La kulia lilibakiza kidogo, sauti ya mtu aliye karibu na anayemtazama usoni. Kanisani aliimba kwa kufuata midomo ya wenzake. Mkewe aliona siku hizi mzee ana majivuno, haitiki akiitwa, na Yeremia alimwacha aone hivyo, maana majivuno hayamnyang'anyi mtu leseni.

Basi akapanda lori la chumvi kwenda Masasi pamoja na wenzake wawili. Mmoja alikuwa Mama Grace, mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa kikundi, mwanamke asiyependa kurudia maneno. Wa pili alikuwa Husseni, aliyekuwa utingo wa Yeremia enzi za chama, akifungua na kufunga turubai mpaka akafundishwa kuendesha na Yeremia mwenyewe. Sasa Husseni alikuwa na leseni, watoto watano, na heshima ileile ya zamani kwa bosi wake.

Gari walilotaka halikuwa la kutembelea. Juu ya uwanda hakuna mto. Mabomba yakikauka, maji hufuatwa bondeni, na mapipa sita yaliyojaa ni mzigo wa kweli kwenye mlima ule. Kulikuwa na korosho za kushusha, na wajawazito wa kufikisha hospitali ya Newala. Walitaka dizeli isiyochoka, ya kupanda bila kusimama katikati, kwa sababu katikati ya mlima hakuna fundi.

Mwenye magari aliitwa Shamte. Alikuwa na uwanja wenye ukuta nyuma ya soko, na ndani yake pikapu mbili za kuuza, zote za dizeli, zote zimekwisha kuvuka bahari zikiwa zimetumika. Moja nyeupe, inang'aa, ina redio. Nyingine ya bluu, mlango wa kushoto umebonyea na bodi imekwanguliwa rangi.

"Karibuni, karibuni," Shamte alisema. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba," Yeremia alijibu, baada ya kuona midomo.

Hakutazama rangi. Alikwenda moja kwa moja kuweka kiganja juu ya boneti ya ile nyeupe, akaikuta ya moto. Ya bluu ilikuwa baridi.

"Hili mmeliwasha asubuhi hii."

"Tumelipasha kidogo, mzee, msije mkasubiri."

"Tutasubiri," Yeremia alisema. "Dizeli huwashwa ikiwa baridi. Ikiwa moto hata mgonjwa huamka."

Mama Grace akafurahi, kwa kuwa ndivyo alivyotarajia mtu wao azungumze. Wakaenda kunywa chai na vitumbua, wakarudi jua limepanda. Shamte akamwita fundi wake aziwashe zote mbili. Fundi akatoka chini ya gari jingine akijifuta mikono kwa tambara, na alipomwona Yeremia akacheka kabla hajafika.

Alikuwa Anselmo, Mngoni wa Songea, waliyefahamiana tangu gereji ya chama. Na kwa kuwa Yeremia ni Mmakua, wawili hawa walikuwa watani, na mtani hana adabu ya kuazima. Humwambia mwenzake lolote mbele ya yeyote, humchukulia kitu chake bila kuomba, na anayekasirika ndiye mwenye makosa.

"Bado hujafa wewe?" Anselmo alimsogelea. "Babu zangu waliwakimbiza babu zenu mpaka juu ya miamba ya hapa Masasi, na mpaka leo mnakuja kwetu kuomba magari ya kukimbilia."

"Babu zako walikuja kwa miguu na wakarudi kwa miguu," Yeremia alisema. "Ndiyo maana mjukuu wao anatambaa chini ya magari ya watu."

Uwanja mzima ukacheka. Anselmo akaiwasha nyeupe. Ikawaka mara moja, moshi mdogo, kisha ikatulia. Husseni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yeremia aliinamisha sikio juu ya injini kama zamani, akafumba macho kama zamani, na hakusikia kitu. Alihisi mtetemo tumboni tu. Dizeli zote hugonga. Kuna kugonga kwa kazi na kugonga kwa ugonjwa, na kati yake pana nafasi ndogo ambayo zamani Yeremia aliishi ndani yake kwa raha. Sasa alisimama pale kwa woga mtupu.

"Chukua hili, Mmakua," Anselmo alimwambia, uso kwa uso. "Hili litakugongea mlango wa kaburi kabla mikorosho haijatoa maua."

Watu wakacheka tena, na Shamte akacheka kuwazidi wote, maana nani anamsikiliza mtani? Yeremia naye alicheka. Lakini kwa kuwa siku hizi aliishi kwa kutazama nyuso, aliona kwamba macho ya Anselmo hayakucheka. Ikiwa ni utani, ni utani. Ikiwa ni kweli, basi fundi amesema mbele ya tajiri wake neno ambalo asingeweza kulisema kwa njia nyingine. Mwenye masikio angejua papo hapo.

"Mimi naona hili, mzee," Husseni alisema. "Limewaka vizuri."

"Na wewe unaonaje, Baba Cuthbert?" Mama Grace alimuuliza Yeremia, akimwita kwa jina la mwanawe.

Ilikuwepo njia, nayo ilimtia aibu. Mwaka uliopita, kwenye mashine ya kusaga ya kijijini, aliwahi kuuma spana ili mikono yake ibaki huru, na ncha ya spana ikagusa injini. Sauti nzima ilimwingia kichwani kupitia meno, safi kama ya ujanani. Alikaa pale akiuma chuma mpaka mwenye mashine akamuuliza kama ana njaa. Kufanya hivyo hapa ni kuwaonyesha wote kwamba masikio hayapo tena. Asipofanya, atawapelekea Namahoka gari kwa kubahatisha, na mjamzito wa kwanza atakayekwama mlimani atakuwa juu yake.

Yeremia akanyoosha mkono, akachomoa bisibisi ndefu kutoka mfuko wa Anselmo. Akamwashiria arudi usukanini, akaweka ncha yake juu ya injini, akauma mpini.

Hapo akasikia. Chini kabisa, chini ya mlio wa kazi, kulikuwa na kitu kinachopiga kwa kuchelewa, kizito, ki-ki, ki-ki, kila Anselmo alipokanyaga mafuta na kuachia. Beringi za chini zimekwisha. Oili nzito imetiwa kuficha. Kifuani mwake ikapanda furaha ya ajabu, furaha ya kukutana na adui anayemfahamu.

Akaenda kwenye ya bluu. Ilisumbua kuwaka, ikatoa moshi mweusi, ikatulia. Akauma tena. Ilikuwa na kelele za nozeli zinazopuliza dizeli, kazi ya saa chache. Chini kulikuwa kimya, pasipo ugonjwa wowote.

"Hii ya bluu," alisema akijifuta mdomo.

Anselmo alikuwa amemtazama muda wote, na fundi si mtoto. "Jamani watu wa Newala," alipaza sauti, "mmetuletea kiziwi awachagulie gari? Mtu anasikia kwa meno."

Wote wakaangua kicheko. Mama Grace alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ndiyo," Yeremia alisema. "Sisikii. Mwaka wa pili huu."

Wakacheka zaidi. Akawaona wanavyocheka, akaelewa kwamba amesema kweli mahali ambapo kweli haihesabiki. Angeweza kuirudia kwa sauti nyingine, nje ya utani. Hakuirudia. Alicheka nao, na moyo wake ukawa mwepesi kwa namna isiyo nzuri. Bisibisi aliitia mfukoni mwake bila kuomba, kama watani wafanyavyo, na Anselmo akamtukana kwa hilo hadi getini.

Mchana ule nozeli zikasafishwa, na wakaondoka Masasi na pikapu ya bluu, Yeremia usukanini, Mama Grace kati, Husseni dirishani. Nani angemlaumu kwa raha aliyoisikia? Mikono ilikumbuka kila kitu. Alivuka tambarare akisalimia watu asiowajua, na mlima ulipojitokeza mbele akaingiza gia ya pili mapema, gari likavuta bila kulalamika.

Mlima wa Newala una desturi yake. Anayeshuka na mzigo hupiga honi kabla ya kona, na anayepanda husimama pale palipo na upana, angoje. Yeremia ndiye aliyemfundisha Husseni jambo hilo, tena kwa ukali.

Kwenye kona ya tatu Husseni alisema, "Honi, mzee." Akangoja gari lipunguze mwendo. Halikupunguza. "Mzee, honi hiyo," alisema tena. Mama Grace alirudia neno hilo, yeye asiyependa kurudia, karibu kabisa na sikio la kushoto. Kisha akaudaka mkono wa Yeremia kwa nguvu zote.

Yeremia alikanyaga breki, akaona lori la magunia likijaza kona yote. Dereva wake alivuta upande wa mlima mpaka magurudumu yakapanda ukingoni. Likapita. Kati ya magari hayo mawili ungeweza kupitisha mkono, mwili usingepita.

Yeremia akasogeza pikapu pembeni na kuzima injini. Alikaa akiutazama usukani. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

"Anselmo hakutania," alisema mwishowe.

"Nimeona," Mama Grace alimgeukia amwone mdomo. "Nimeona sasa hivi."

"Nilisema kule. Mkacheka."

"Ulicheka na wewe, Baba Cuthbert."

Alikubali kwa kichwa, maana ndivyo ilivyokuwa. Alishuka, akazunguka mbele ya gari akipitisha kiganja juu ya boneti ya moto, akamfungulia Husseni mlango uliobonyea. Akampa ufunguo mkononi. Husseni, mtu mzima mwenye leseni yake, aliupokea kwa mikono miwili.

Wakapanda tena, safari hii Yeremia dirishani. Husseni aliondoa gari kwa uangalifu mno, kama mtu aliyebeba mayai. Yeremia alitazama miti ikipita, machozi yakamjaa, akayaacha. Baada ya kona moja akatoa bisibisi mfukoni. Ncha akaigandamiza kwenye chuma cha dashibodi, mpini akauma.

Injini ikamjia yote.

Akauondoa mdomoni kidogo. "Gia ya pili," alisema. "Unaichosha bure."

Husseni akabadilisha gia, na gari likavuta. Kisha akasema jambo, refu, huku akitazama mbele. Yeremia hakulisikia wala hakuuliza. Alikuwa anasikiliza gari.