Vitunguu vya Kibanda cha Mlinzi

Jumanne saa nne asubuhi, mpimaji wa kituo cha mbegu alikata ncha za mizizi ya vitunguu viwili, akazitia rangi, akaziponda kwa kidole gumba chini ya kioo chembamba, kisha akainamia hadubini. Kitunguu cha kwanza kilikuwa kimepigwa mionzi, na kromosomu zake zilivunjika kama ilivyotarajiwa. Cha pili kilikuwa cha kulinganishia tu. Kilioteshwa katika kibanda cha mlinzi, ng'ambo ya ua, ambako mionzi haikupaswa kufika. Nacho kilikuwa vilevile: vipande vimekatika na kuungana na visivyo vyake, vingine vimejikunja pete.

Alihesabu mara nne. Akanawa mikono, akahesabu tena, kisha akavuka ua.

Mlinzi alikuwa mjomba wake. Alimkuta ameketi, kiganja cha kulia kimehamia mkono wa kushoto, cha kushoto kimehamia wa kulia.

"Tangu lini, Mjomba?"

"Jumapili. Mkazamjomba wako ameshanihamishia vifungo vya shati. Kinachonisumbua ni kijiko tu."

"Toka humu ndani."

"Nikitoka, mpwa wangu, geti atafungua nani?"

Mpimaji aliingia kwa mkuu wa kituo bila hodi. "Ukuta wa chumba cha mashine ya mionzi unavuja. Mjomba viganja vimebadilishana."

"Nimeona," alisema mkuu. "Mwandiko wake kwenye daftari la geti umeharibika. Mwambie ajitahidi, wakaguzi wanakuja Alhamisi. Na hivyo vitunguu ni vizee, otesha vingine."

Jumatano mpimaji alikikokota kiti cha mjomba hadi nje ya geti. Kufika adhuhuri kilikuwa kimerudishwa kibandani. Akakikokota tena. Kikarudishwa tena, safari hii kimefungwa kamba kwenye dirisha.

Alhamisi wakaguzi walikuja wawili. Mlinzi akapiga saluti, kidole gumba kikiwa juu, nao wakaitikia. Mpimaji aliwazuia mlangoni mwa maabara.

"Tazameni hiki. Kimetoka kibandani kwa mlinzi."

Mkubwa wao aliinamia hadubini kwa muda mrefu.

"Safi sana," alisema. "Rangi imekolea."

Wakatia saini, wakapanda gari. Mjomba alifunga geti nyuma yao bila kukosea komeo. Upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi uani, kwa hiyo aliingia kibandani akafunga mlango.